Saint-Véran: Kijiji cha Mlimani, Matairi ya Theluji na Maswali Yanayojirudia

Kila inapokaribia tarehe 1 Novemba, dawati letu la elimu kwa wasafiri hupokea malalamiko yaleyale kutoka kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Ulaya ambao wamepanga kupanda Saint-Véran, katika bonde la Queyras, mkoa wa Hautes-Alpes, kusini-mashariki mwa Ufaransa. Wanauliza kwa nini kijiji chenye wakazi wasiofika 300 kizungukwe na masharti mengi kiasi hicho, ya matairi, ya ujenzi na ya njia. Hatuna shaka na nia njema ya wanaouliza. Hata hivyo, masharti hayo hayakutokana na ukali wa maofisa bali na mahali kijiji kilipokaa na yale yaliyokipata.

Saint-Véran kipo kwenye mwinuko wa mita 2,040 hivi kutoka usawa wa bahari. Hoja tunayoisikia sana ni kwamba Nyahururu iko juu zaidi na hakuna anayedai matairi maalumu huko. Ni kweli iko juu zaidi, lakini Nyahururu iko kwenye ikweta, na Saint-Véran kiko karibu nyuzi 45 kaskazini, ambako mwinuko huohuo humaanisha theluji inayolala chini kwa miezi mingi ya mwaka. Kijiji kimejengwa chote kwenye mteremko unaotazama kusini, upande wa jua, na mteremko wa pili ng'ambo ya mto Aigue Blanche umeachiwa msitu. Katika mabonde haya upande wa jua ulikuwa wa nyumba na mashamba, na upande wa kivuli ukawa wa kuni na mbao.

Kuhusu sifa ya kuwa kijiji cha juu kuliko vyote Ulaya, tunaomba isirudiwe bila uangalifu. Juf, nchini Uswisi, kiko mita 2,126, ila hicho ni kitongoji cha komyuni (eneo la serikali ya mtaa) ya Avers. Saint-Véran ni komyuni kamili yenye meya wake, na hapo ndipo dai lake linaposimama. Kauli ya zamani ilikuwa ya unyenyekevu zaidi, kwamba hapa ndipo mahali pa juu kabisa panapoliwa mkate wa Mungu, yaani mkate wa ekaristi.

Sasa suala la matairi, ambalo ndilo chanzo cha makala haya. Amri ya serikali ya tarehe 16 Oktoba 2020, iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2021, inamtaka kila mwenye gari anayeingia katika maeneo ya milima yaliyoainishwa, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 31 Machi, ama awe amefunga matairi manne ya majira ya baridi, ama awe amebeba garini minyororo au soksi za matairi (vifuniko vya kitambaa) zinazotosha angalau magurudumu mawili yanayoendesha gari. Neno ni "ama"; halidai vyote viwili kwa gari dogo, na tumelieleza hili mara nyingi kuliko tunavyoweza kukumbuka. Lori lenye tela ni jambo jingine, kwa kuwa hilo lazima liwe na minyororo hata kama matairi yake ni ya baridi. Tangu tarehe 1 Novemba 2024, tairi lenye herufi M+S (matope na theluji) peke yake halihesabiwi tena kuwa la baridi. Lazima liwe na alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Faini ya yuro 135 iliyotajwa tangu mwanzo haikutozwa katika misimu ya kwanza, kwa kuwa serikali ilichagua kuelimisha kwanza, na kuna waliofasiri subira hiyo kuwa sheria haipo. Tafsiri hiyo si sahihi. Vilevile, bango la duara la buluu lenye picha ya tairi lililofungwa minyororo ni agizo tofauti kabisa: likikutwa barabarani theluji imeifunika njia, minyororo inafungwa hapohapo, haibaki kwenye buti.

Malalamiko ya pili yanahusu nyumba. Wageni huona nafasi wazi kati ya mtaa na mtaa na kuuliza kwa nini viwanja hivyo haviuzwi. Hivyo si viwanja. Sehemu ya chini ya nyumba za Saint-Véran ni ya mawe, na hapo familia ilikaa pamoja na mifugo ili kupata joto lake. Sehemu ya juu ni ya magogo ya mélèze, mti wa jamii ya msonobari unaopukutisha majani, na ndani yake zilijazwa nyasi kavu za kulishia mifugo majira yote ya baridi. Mbele ziliwekwa roshani pana za kuanikia miganda ya nafaka ya rai, ambayo mara nyingi ilivunwa kabla haijakauka kwa sababu kiangazi ni kifupi. Paa nalo lilikuwa la vigae vya mbao. Cheche moja ilitosha kuteketeza safu nzima, na ndiyo maana kijiji kiligawanywa katika mitaa iliyotengana, kila mmoja na chemchemi yake ya mbao, tanuri lake la mkate na msalaba wake. Nafasi ile ni kinga ya moto. Pamoja na hayo, sheria ya milima ya tarehe 9 Januari 1985 inaelekeza ujenzi mpya ushikane na makazi yaliyopo, si kutawanyika mlimani, na anayejenga bila kibali anaweza kutozwa faini isiyopungua yuro 1,200, na inayoweza kufika yuro 6,000 kwa kila mita ya mraba iliyojengwa.

Wanaodhani watu wa huku wamezoea kuamriwa tu wangefaa kuijua hati ya mwaka 1343. Mtawala wa Dauphiné, eneo lililojumuisha mabonde haya, Humbert II, aliyekuwa na uhaba mkubwa wa fedha, aliziuzia jumuiya za Briançon na mabonde ya jirani uhuru wao kwa florini 12,000 za dhahabu na malipo ya kila mwaka. Zilipata haki ya kufanya mikutano, kuchagua viongozi na kugawana kodi zenyewe, na mgawanyo huo wa kodi ndio uliozipa jina la escarton. Escarton zilikuwa tano: Briançon, Queyras, Oulx, Pragelas na Casteldelfino. Mwaka 1349 Dauphiné ilipoingia mikononi mwa ufalme wa Ufaransa, haki hizo zilibaki.

Kilichozivunja ni mpaka. Mkataba wa Utrecht wa mwaka 1713 uliufuata mstari wa vilele vinavyogawa maji, ukazipeleka Oulx, Pragelas na Casteldelfino kwa dola jirani ya Savoie. Casteldelfino iko upande wa pili wa safu ya milima inayoonekana kutoka Saint-Véran. Majirani waliokuwa wakigawana kodi wakawa raia wa falme mbili. Kabla ya hapo, mwaka 1685, kufutwa kwa Amri ya Nantes, iliyowaruhusu Waprotestanti kuabudu, kulikuwa kumewakimbiza Waprotestanti wengi wa mabonde haya. Mapinduzi ya 1789 yakamaliza kilichobaki cha escarton.

Jambo la mwisho ni la njia. Anayetoka Torino, Italia, hutazama ramani na kuona kwamba njia fupi ni kupitia kipito cha mlimani cha Agnel, mita 2,744. Njia hiyo hufungwa majira yote ya baridi, na hakuna ombi, barua wala simu kwetu itakayoifungua. Kipito cha Izoard nacho hufungwa. Inabidi apande hadi Oulx, avuke kipito cha Montgenèvre, ateremke Briançon, afike Guillestre, ndipo aingie Queyras kwa korongo la mto Guil. Kwa safari hiyo atakuwa amepita escarton tatu kati ya zile tano, na katika sehemu yote ya Ufaransa, kuanzia kileleni Montgenèvre, minyororo au matairi yenye alama tuliyoitaja yatahitajika.