Mwandishi wa safari si mtalii

Lamu bado husemwa kwamba mwanamke anayeandika habari za safari "anatembea tu". Si kweli, na huidunisha kazi nzito.

Chukua magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Mashua hupita katikati ya mikoko maji yakijaa. Yakitoka, hukwama topeni. Basi kabla ya kuandika neno, mwandishi humuuliza nahodha: ni bamvua (siku za maji kujaa na kutoka sana) au maji mafu (siku za kujaa na kutoka kidogo)? Siku za maji mafu hata yakijaa huwa haba. Tena saa ya kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo akichapisha saa ya jana bila tarehe, msomaji atakwama. Na "saa mbili" ya nahodha ni 8:00 asubuhi, si 2:00. Hapo wageni wengi huachwa gatini.