Nani anaamua kitabu kikae rafu gani?

Kitabu kipya kikifika maktaba hakiendi rafuni moja kwa moja. Hupita kwanza mezani kwa mkatalogi, yaani anayeandaa orodha ya vitabu vya maktaba (katalogi), na hapo ndipo huamuliwa kama msomaji atakipata au hatakipata. Jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa, kimo kwa sentimita: hayo hayana ubishi. Ubishi huanza pale mkatalogi anapotakiwa kusema kitabu kinahusu nini.

Chukua kitabu cha mganga wa kienyeji anayeeleza matumizi ya mwarobaini na mlonge, pamoja na matambiko yanayoandamana na tiba. Katika mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu rafuni kwa namba za mada na unaotumiwa na maktaba nyingi za umma, tiba za jadi zina namba 615.88. Uchawi una 133.4. Mkatalogi anayeamini kwamba waganga wote ni wachawi anaweza kukipeleka 133.4 bila hata kujitambua kwamba ametoa hukumu, na mwanafunzi wa famasia anayetafuta mitishamba hatakiona kamwe. Mwongozo wa vichwa vya mada (maneno ya katalogi yanayotaja kitabu kinahusu nini) wa Maktaba ya Bunge ya Marekani unataka kusudio la mwandishi lizingatiwe bila kumhukumu. Nami nasimama hapo hapo. Ikiwa mwandishi ameandika juu ya tiba, kitabu ni cha tiba. Kama dawa inaponya au haiponyi, hilo tuwaachie wataalamu wa afya.

Lakini si kila uamuzi wa mtu ni upendeleo. Utenzi wa Vita vya Maji Maji ni ushairi wa Kiswahili, 896.3921, au ni historia ya Tanzania, 967.8? Kila upande una hoja, na nakala ni moja. Mimi ningeuweka kwenye ushairi, kisha niongeze katika katalogi kichwa cha mada cha vita hivyo vya 1905–1907, ili mwanahistoria naye aufikie. Uamuzi wa namna hii hauepukiki, na ni sehemu halali ya kazi.

Upendeleo unaonisumbua zaidi ni ule uliojengwa ndani ya mfumo wenyewe. Melvil Dewey aliuchapisha Marekani mwaka 1876. Katika fungu la dini, Biblia na Ukristo vimetandazwa kuanzia 220 hadi 289. Uislamu umebanwa ndani ya 297, na dini za jadi za Kiafrika ziko kwenye kijisehemu cha 299. Ndiyo maana ufafanuzi wa Biblia hutosha kwa namba fupi, 220.7, ilhali ufafanuzi wa Kurani hudai namba ndefu, 297.1227. Kwa maktaba ya Zanzibar au Lamu, mgao huo haulingani kabisa na wasomaji wake.

Hata hivyo, mambo hubadilika watu wakisema. Mkutubi Mmarekani Sanford Berman alikuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Zambia alipofahamishwa kwamba "Kafirs", kichwa cha mada kilichotumiwa kwa Waafrika, ni tusi. Mwaka 1971 alitoa kitabu kizima kuhusu vichwa vya aina hiyo, na vingi vilibadilishwa baadaye.

Kwa hiyo ukikikuta kitabu mahali kisipostahili, mwambie mkutubi. Mtajie na neno ulilotumia kukitafuta, kwa kuwa linaweza kuingizwa katika katalogi kama rejeo la kumwelekeza msomaji kwenye kichwa kinachotumika.