Je, wajua ruta iliyopotea mtandaoni hufikiwaje kwa mbali?

Tarehe 4 Oktoba 2021, kuanzia saa 12:40 jioni hivi kwa saa za Afrika Mashariki, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Facebook ilieleza kwamba amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mawasiliano kati ya vituo vyake vya data. Watu wakauliza: kwa nini wahandisi wasiingie kwa kompyuta zao na kuitengua?

Swali hilo limebeba dhana kwamba ruta (kifaa kinachoelekeza data kati ya mitandao) hufikiwa kwa njia moja tu, yaani mtandao uleule inaouendesha, na kwamba mtandao ukikatika hakuna budi kusafiri. Si lazima. Karibu kila ruta ya kampuni ina tundu dogo la konsoli, la kuchomekea waya wa kuipa amri moja kwa moja, lisilohitaji intaneti wala anwani ya IP (namba ya kifaa mtandaoni). Hutuma herufi moja baada ya nyingine kwenye waya, kwa kanuni ya RS-232 iliyotolewa Marekani mwaka 1960, mara nyingi kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde. Kwa kawaida herufi moja hubebwa na biti 10, kwa hiyo hupita herufi 960 kila sekunde. Ni kidogo mno kwa video, lakini ni tele kwa mtu anayeandika amri. Uzuri wake hasa ni kwamba tundu hili huanza kuongea mara ruta inapopata umeme, kabla programu yake kuu haijapanda. Hata programu hiyo ikiwa imeharibika, utasomewa mstari kwa mstari ilipokwama.

Nyaya za konsoli za kabati zima la ruta huingia kwenye seva ya konsoli, kifaa kinachozikusanya pamoja, chenye njia yake ya nje: laini ya 4G, au mtoa huduma mwingine.

Umeme nao una njia yake. Soketi za kabati hupokea amri, kila moja izimwe na kuwashwa peke yake. Ila ruta yenye pawasapulai (kifaa cha kuipa umeme) mbili haizimiki mpaka ukate soketi zote mbili. Na wanaodhani zima-washa hutibu kila kitu wakumbuke kwamba ruta ikiwaka husoma mipangilio iliyohifadhiwa; kama kosa limehifadhiwa humo, itarudi nalo.

Mbona basi Facebook ilikwama? Njia ya pembeni, yaani isiyopita mtandao mkuu, ilikuwepo, lakini nayo ilikatika, ikabidi wahandisi waende vituoni wenyewe. Mlango wa uani haukusaidii ikiwa ili kuufikia lazima upite sebuleni, na sebule ndiyo inayowaka moto. Jaribio la kweli la njia ya pembeni ni kuuliza inashirikiana nini na njia kuu: nyaya, umeme, mtoa huduma, hata seva inayokagua nywila.

Rogers, kampuni ya simu na intaneti ya Kanada, ilikutana na jambo hilo tarehe 8 Julai 2022, huduma zake zilipokatika kwa zaidi ya siku nzima. Tathmini huru iliyoagizwa na CRTC, msimamizi wa mawasiliano nchini humo, ilionyesha kwamba mtandao wa kusimamia vifaa ulitegemea kiini kilekile cha mtandao mkuu kilichoanguka. Wahandisi wakashindwa kuzifikia ruta, na mwanzoni hata kuwasiliana wao kwa wao kulikuwa shida, maana simu zao zilikuwa na laini za Rogers.