Bayodizeli kwenye baridi: kinachoganda ni nini hasa?

Madereva wengi wa malori wameaminishwa kwamba bayodizeli, yaani mafuta ya injini za dizeli yanayotengenezwa kwa mafuta ya mimea au shahamu ya wanyama, haifai kabisa penye baridi, eti itaganda na kuua injini. Imani hii imedumu kwa sababu ina chembe ya ukweli, lakini inaficha jambo kubwa zaidi: hata dizeli ya kawaida huganda. Nayo ina nta ambayo baridi ikizidi hugeuka chembechembe, mafuta yakapata ukungu, kisha filta ikaziba. Lori huzimika kwa kukosa mafuta. Injini yenyewe haijafa, na mafuta yakipashwa moto chembe hizo huyeyuka tena.

Tofauti iko kwenye kiwango cha joto ambacho ukungu huo huanza, na hapo asili ya mafuta ndiyo huamua. Bayodizeli safi ya kanola (mmea wa mbegu za mafuta) huanza kupata ukungu nyuzi chache chini ya sifuri za Selsiasi, ya soya karibu na sifuri. Ya mawese au ya shahamu ya ng'ombe huanza mapema mno, kwenye nyuzi kumi na kitu juu ya sifuri! Kwa hiyo kusema tu "bayodizeli" bila kutaja imetokana na nini hakutoshi.

Tena, malori mengi yanayotumia bayodizeli hutumia mchanganyiko wake na dizeli ya kawaida. B20, yaani asilimia 20 ya bayodizeli, hufanya kazi majira ya baridi ikichanganywa na dizeli ya msimu huo. Anayetaka B100, yaani bayodizeli tupu, ahitaji kipasha joto cha tangi na filta. Dawa za kuzuia dizeli kuganda mara nyingi haziisaidii sana B100.