Amepumzika au amepumzishwa? Angalia mwisho wa kitenzi

Mtu akipiga simu Mikindani kumwulizia bibi, mjukuu akamjibu "bibi amepumzika," roho inashtuka kwanza. Neno hilohilo hutumika kwa aliyejinyoosha baada ya swala ya adhuhuri na kwa aliyezikwa jana. Kazi yangu ni kuhariri barua, matangazo na taarifa za Kiswahili hapa Mtwara, na katika maneno yanayonitoa jasho hili limo. Makosa yake mengi yanatokana na jambo moja tu: mwandishi hakuangalia viambishi, kwa hiyo hajui ametuambia nani ameamua mapumziko hayo.

Tuanze na shina. Pumua, pumzi na pumzika ni ndugu wa damu. Kiyao, kinachosemwa sana upande wa Masasi, kina kupumula kwa maana ya kupumzika. Kizulu, mbali huko kusini, kina phumula. Kiswahili kiliidondosha ile l, kama kilivyofanya kwa fungula ikawa fungua. Mbebaji akitua gunia la korosho ghalani, kwanza anashusha pumzi, kisha ndipo atafute pa kukaa. Pumzika ilizaliwa hapo katikati.

Siku hizi ndugu hao kila mmoja ana kazi yake. "Malipo ya korosho yakiingia nitapumua" halina habari ya kukaa wala kulala. Msemaji ana madeni. "Tuache tupumue" ni kumwambia mtu atupishe. Na biashara ikisemwa "inapumulia mashine," ujue iko taabani. Ukiweka pumzika katika sentensi hizo zote tatu, maana inaharibika.

Sasa mwisho wa kitenzi. Waka huzaa washa, amka huzaa amsha, kauka huzaa kausha. K inageuka sh na papo hapo anaingia mtu wa pili, yule anayelifanya jambo litokee. Pumzika huzaa pumzisha kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo "nimepumzika akili" ni kosa, kwa sababu pumzika haibebi yambwa, yaani kitu kinachotendewa; sema "nimepumzisha akili" au "akili imepumzika." Ukiongeza -w-, ukapata pumzishwa, basi uamuzi umetoka mikononi mwa anayepumzika.

Hapo ndipo neno linapoanza kuuma. Mchezaji akitolewa dakika ya 60 pale Nangwanda Sijaona, shabiki atasema "katolewa." Kocha akihojiwa atasema "tumempumzisha." Kitendo ni kilekile, ila kocha amechagua neno linalomwachia kijana heshima yake. Uwanjani hakuna ubaya, maana wote wanalielewa. Katika barua ya ofisi ni tatizo. "Mtumishi amepumzishwa" inaweza kuwa amesimamishwa kazi akisubiri uchunguzi, ameachishwa kabisa, amestaafishwa, au amepewa siku chache za kuuguza mguu. Haya ni mambo manne yenye haki tofauti, na mwenye barua anahitaji kujua lake ni lipi. Nikilikuta katika barua ya namna hiyo nalifuta bila huruma na kumrudishia mwandishi aseme alichokifanya.

Kwenye msiba, upole huo una mahali pake. Familia huandika kuwa marehemu "atapumzishwa katika nyumba yake ya milele," na hakuna anayeuliza nani ameamua. Waislamu, ambao ni wengi sana huku pwani kuanzia Kilwa hadi Msimbati, mara nyingi husema "Mwenyezi Mungu amrehemu" au "amlaze mahali pema peponi." "Pumzika kwa amani" imeenea zaidi kupitia makanisa na sasa mitandaoni, hadi wengine huiandika kwa yeyote bila kufikiri. Mimi ningeangalia kwanza tangazo lenyewe la familia limetumia maneno gani, nikafuata hayo. Jambo jingine: usimtumie mtu mzima wa afya yake ujumbe wa "pumzika kwa amani" saa nne usiku. Kwa aliye hai ni "lala salama," "pumzika salama" au "usiku mwema."

Vipi basi kuhusu bibi wa Mikindani? Mjukuu akisema "amejipumzisha" au "amejilaza kidogo," hofu inakwisha. Ile ji- inaonyesha kuwa mtendaji ameamua mwenyewe, na marehemu hajipumzishi. "Amelala" nayo hufaa, mradi ufuatishe "kidogo." Ukiwa wewe ndiye unayemshauri mkubwa wako, amri tupu, "Babu, pumzika," inasikika kama unamfukuza barazani. "Babu, ungepumzika kidogo" inatosha.

Vitu navyo hupumzishwa. Bwana shamba atakwambia upumzishe ardhi baada ya misimu kadhaa ya mihogo au ufuta, na hapo mwenye shamba ndiye mwamuzi. Wavuvi wa pweza wa Songosongo wana msemo mwingine: wao hufunga mwamba, kwa kawaida kwa miezi kama 3, kisha wanaufungua. Naona wamechagua vizuri. Mwamba haupumziki hata siku moja, pweza wanakula na kukua humo; aliyezuiwa ni binadamu.

Mapumziko kama nomino yana majirani wanaochanganywa nayo: likizo, ruhusa, sikukuu. Ruhusa unaomba, na unaweza kunyimwa. Likizo ya mwaka ni haki iliyohesabiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaipa siku 28 mfululizo. Mapumziko ni yale yanayokatiza kazi yenyewe: anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili angalau dakika 60, kati ya kutoka kazini na kurudi ziwepo saa 12 mfululizo, na kila wiki saa 24. Zile dakika 60 mwajiri halazimiki kuzilipia, isipokuwa amemtaka mfanyakazi aendelee na kazi au akae tayari kwa kazi. Mlinzi anayekula huku ameshika funguo za geti hayuko mapumzikoni, hata kama ratiba ukutani imeandika hivyo.

Sikukuu ina sababu ya kusherehekea, kama Nane Nane inayojaza watu Ngongo kule Lindi. Siku ya mapumziko haihitaji sherehe: tarehe 23 Agosti 2022 ilitangazwa hivyo ili watu wahesabiwe kwenye sensa. Kwa hiyo kila sikukuu ya kitaifa ni siku ya mapumziko, lakini ukiigeuza sentensi hiyo utakosea.

Mtaani neno mapumziko lenyewe halitumiki kama vitabu vinavyodhani. Shuleni na kwenye mafundi wanasema "saa nne," yaani chai. Kondakta wa basi la Dar akisimama Somanga au Nangurukuru hatangazi mapumziko. Anasema "dakika kumi, chakula," na porini atasema ni kuchimba dawa, yaani kujisaidia. Jioni ya ufukweni Shangani ni kupunga upepo. Na gesti ukiulizwa mapokezi "unalala au unapumzika?" usijibu haraka kwa sababu umechoka na safari: kupumzika hapo ni kuchukua chumba kwa saa chache, na bei yake ni nyingine. Umeshalipia kupumzika, usishangae kugongewa mlango kabla ya giza.

Mawili ya mwisho kwa wanaoandika vibao na ratiba. Mapumziko hufuata upatanisho wa ya-: mapumziko mafupi, mapumziko haya, mapumziko yameisha. "Mapumziko mfupi" nimeliona hata kwenye ratiba za semina zilizochapwa kwa rangi. Na mahali panahitaji -ia: chumba cha kupumzikia, benchi la kupumzikia, kama tunavyosema chumba cha kulia na kisu cha kukatia. "Chumba cha kupumzika" watu wataelewa, lakini kisarufi unakipa chumba chenyewe usingizi.