Mvua juu ya Kaburi la Sultani: Siku Moja Bursa na Wakwe Zangu

Kazi yangu ni usanifu wa majengo, na kwa miaka mingi nimeifanya katika Mji Mkongwe wa Unguja, mahali ambapo adui wa kwanza wa kila nyumba ni maji yanayoingia kutoka juu. Ndiyo maana mume wangu aliponipeleka kwao Bursa, kaskazini-magharibi mwa Uturuki, na familia yake ikatenga siku nzima ya kunitembeza mjini, nilijikuta nikitazama juu zaidi kuliko nilivyotazama mbele. Siku hiyo tuliingia katika majengo mawili ya kale ambayo kila moja kuba lake lilijengwa na tundu kwa makusudi, mvua na jua vipite. Tundu moja sasa limezibwa kwa kioo, jingine limeachwa wazi. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu nyuma yake imo kanuni ambayo sisi watu wa Pwani tunaijua kwa jina la wakfu.

Nyumbani kwa wakwe zangu sikupata shida ya kumwita baba mkwe, kwa kuwa Waturuki nao husema baba. Na nilipoushika mkono wa mama mkwe, nikaubusu kisha nikaugusisha kwenye paji la uso wangu kama nilivyofundishwa, niliona kwamba heshima ile si ngeni kwetu. Neno lililonitatiza lilikuwa misafir. Mama mkwe alimwambia jirani yake mlangoni kwamba mimi si misafir, mimi ni gelin, yaani mke wa mwana, nami nikadhani anamweleza kuwa nimehamia kabisa na sisafiri tena. Kumbe kwao misafir ni mgeni.

Bursa iliingia mikononi mwa Waosmani, nasaba ya masultani wa Kituruki, mwaka 1326, ikawa makao makuu yao ya kwanza yenye hadhi ya mji mkubwa. Orhan, aliyeuteka, hakuishia kukaa ndani ya ngome ya zamani ya Warumi wa Mashariki. Aliweka wakfu wake chini, nje ya kuta, na maandishi ya msikiti wake yanataja mwaka 1339. Hakujenga msikiti peke yake. Aliuzungushia hamamu, jiko la kulisha maskini na wapita njia, na han, ambayo ni nyumba ya ghorofa yenye ua katikati, iliyopokea misafara ya wafanyabiashara na bidhaa zao. Mpango huo hauwezi kueleweka bila hesabu yake: msikiti na jiko havileti fedha, hamamu na han huleta. Kodi ya chumba cha mfanyabiashara ndiyo inayonunua mafuta ya taa ya msikitini na nyama ya sufuria ya maskini, na mali yenyewe haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi. Waliokuja baada ya Orhan walirudia hesabu hiyohiyo, kila mmoja kando ya mwenzake, na hivyo ndivyo soko la Bursa lilivyokua.

Tuliingia sokoni tukianzia Ulu Cami, yaani Msikiti Mkuu, uliojengwa na Sultan Bayezid I baada ya ushindi wake katika vita vya Nicopolis, katika Bulgaria ya leo, mwaka 1396. Una makuba 20, yaliyopangwa safu nne za makuba matano matano, yakibebwa na kuta za nje pamoja na nguzo nene 12 zilizosimama ndani. Watu wa Bursa husimulia kwamba sultani aliweka nadhiri ya kujenga misikiti 20 akishinda vita, kisha akashauriwa ajenge mmoja wenye makuba 20. Kisa ni kitamu, ila jibu la fundi ni jepesi zaidi: wakati ule kufunika ukumbi wa zaidi ya mita za mraba 3,000 kwa kuba moja lilikuwa jambo lililo nje ya uwezo wao, hivyo waliugawa uzito vipande vipande. Kwetu Unguja urefu wa boriti ya mkoko ndio unaoamua upana wa chumba. Kule ni upana wa tao.

Ndani kabisa ya msikiti, chini ya kuba mojawapo la mhimili wa katikati, mna birika la marumaru ambamo watu huchukulia udhu huku wenzao wakisali hatua chache tu kutoka hapo. Mlio wa maji husikika kila kona. Juu yake ndipo lilipokuwa tundu la kwanza. Baba mkwe alinisimulia kwa sauti ya chini, mikono nyuma, kwamba mahali pale palikuwa nyumba ya bikizee aliyekataa kuuza kiwanja chake, na kwamba alipofariki, birika likawekwa hapo ili asiwepo mtu wa kusujudu juu ya ardhi ambayo mwenyewe hakuitoa kwa ridhaa. Sikumbishia, kwani huwezi kumkosoa baba mkwe ndani ya msikiti wake. Lakini misikiti ya Anatolia iliyotangulia huu, ya zama za Waseljuki, watawala wa Kituruki kabla ya Waosmani, nayo ilikuwa na uwazi katikati kwa ajili ya mwanga na hewa, na maji yakakaa chini yake.

Tetemeko la mwaka 1855 liliporomosha karibu makuba yote, yakajengwa upya, na leo tundu lile lina paa la kioo. Je, walikosea? Sidhani. Ndani mna mazulia kutoka ukuta hadi ukuta, mna maandishi ya khati yapatayo 192 kutani na kwenye nguzo, herufi wau moja ikiwa kubwa kuliko mtu mzima, na mna mimbari ya mti iliyoungwa kwa vipande vidogo vilivyopachikana. Mwanga bado unaingia. Kazi ya tundu imebaki, maji yamezuiwa.

Kutoka hapo tulivuka hadi Koza Han. Koza ni kifuko anachojifungia kiwavi wa hariri. Nyumba hii ilijengwa mwaka 1491 na Sultan Bayezid II, na mapato yake yalikusudiwa kuendesha wakfu wake wa Istanbul, ili soko la mji mmoja liulishe msikiti wa mji mwingine. Hariri ghafi ililetwa na misafara kutoka Iran, baadaye wanavijiji wa karibu wakafuga viwavi wao wenyewe na kuleta magunia ya vifuko kuuza hapa uani kila kiangazi. Katikati ya ua kuna msikiti mdogo wa pembe nane ulioinuliwa juu ya nguzo, na chini yake ni birika. Leo ua umejaa meza za chai na maduka ya vitambaa.

Mama mkwe alitaka kuninunulia mtandio, na nilichokiona dukani hakikuwa cha watalii. Alichomoa uzi mmoja kwenye ncha ya kitambaa, mwenye duka akatoa kiberiti bila kuambiwa, wakauchoma uzi ule juu ya sahani ya chai. Wote wawili wakainama kunusa. Hariri ya kweli hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kati ya vidole yakawa vumbi. Uzi wa plastiki hujikunja ukawa tone gumu. Alipomaliza kusaga majivu, alinipaka kidogo kidoleni nami nijue. Ndipo mabishano ya bei yalipoanza, na hayo sihitaji kumfafanulia mtu yeyote aliyewahi kununua kanga Darajani.

Chakula cha mchana kilikuwa İskender, kitoweo cha Bursa: nyama ya döner, yaani ya kuokwa ikizungushwa kwenye kijiti, iliyokatwa nyembamba juu ya vipande vya mkate, mchuzi wa nyanya, mtindi pembeni, na siagi inayomwagwa mezani ikiwa bado inachemka. Baba mkwe na mume wangu waligombania kulipa hadi wifi yangu alipokwenda kimyakimya kulipa yeye.

Mchana tulipanda hadi Yeşil, palipo na msikiti na kaburi la Mehmed I, aliyefariki mwaka 1421 kabla baraza ya mbele ya msikiti wake haijajengwa, na hadi leo haikujengwa. Vigae vya kijani na buluu vya ndani ni kazi iliyotiwa saini na mafundi wa Tabriz, na mchoraji aliyesimamia mapambo, Nakkaş Ali, alikuwa amechukuliwa hadi Samarkand na Timur, mtawala wa Asia ya Kati ambaye jeshi lake liliiteka Bursa mwaka 1402. Ajabu ya historia ni kwamba aliyeubomoa mji ndiye aliyeupatia fundi wake. Vigae vya nje vya kaburi, kwa sehemu kubwa, ni vya baada ya tetemeko, na jicho lililozoea huliona hilo kabla halijaambiwa.

Jua lilikuwa limeanza kushuka tulipofika Muradiye, bustani yenye makaburi 12 ya ukoo wa masultani. La Murad II ndilo lililonileta. Alifariki Edirne mwaka 1451, akiwa ameacha wasia kwamba azikwe Bursa karibu na mwanawe Alaeddin, asizikwe mtu ubavuni mwake, na kaburi lake liachwe wazi juu ili rehema ya Mungu imshukie kwa mvua. Basi kuba lake lina tundu kileleni. Chini yake hakuna jeneza la mawe wala kitambaa cha nakshi. Mna kingo za marumaru, na katikati ni udongo mtupu.

Wifi yangu aliniuliza kama mimi ningeweka kioo, maana asubuhi nilikuwa nimekisifu kile cha msikitini. Nilimjibu kwamba hapana, na si kwa sababu ya uzuri. Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wana kauli kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu ni kama andiko la sheria. Tundu la msikitini lilikuwa njia ya kupata mwanga, na njia hubadilishwa. Tundu hili ni sharti lenyewe, nalo halikuguswa hata nchi ilipobadili utawala na wakfu zikawekwa, mwaka 1924, chini ya idara ya serikali. Kazi ya mhifadhi hapa ni kuhakikisha maji yanaingia pale tu alipotaka marehemu: udongo uyanywe, michirizi ya paa izibuliwe, chokaa ya viungo ifanywe upya kila inapochoka.

Nilikuwa bado naonyesha kwa kidole mahali ambapo ningeanza kukagua unyevu, nilipogundua kwamba wifi yangu ameacha kunisikiliza. Mama mkwe alikuwa amesimama miguuni mwa kaburi, viganja wazi, akisoma Fatiha, na wengine wote wameinamisha vichwa. Nilishusha mkono, nikajitanda vizuri ule mtandio mpya, nikasoma nami, nikiwa nimeshamkagulia mwenye nyumba dari yake yote kabla ya kumsalimia.