Makumbusho kwenye podikasti na video: yasemwayo na yalivyo

"Kitu cha makumbusho ni cha kutazama, sauti itasaidia nini?"

Chukua fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililoko Kalenga, Iringa. Kwenye video linaonekana ndani ya kioo kwa sekunde tano, mtazamaji anapitisha kidole, kwisha. Kinachomshika mtu nusu saa ni kisa chenyewe. Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 asikamatwe na Wajerumani (bado wapo wanaosimulia kwamba aliuawa nao), kichwa kikakatwa. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, ukaitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikageuka miaka 35! Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilifuata Bremen, Ujerumani, likachaguliwa kati ya mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo vyake na vya jamaa za Mkwawa, likarudi Kalenga mwaka 1954. Je, ni lenyewe? Wapo wanaotilia shaka. Mjadala huo waachie wazee na wanahistoria kwenye maikrofoni, kamera haina cha kuongeza.

Isimila, eneo la Enzi ya Mawe karibu na Iringa, ni kinyume chake. Ukisema tu "shoka la mkono la mawe", msikilizaji anawaza mpini. Hapo video inashinda: mkono uligeuze jiwe taratibu, makovu ya kuchongwa yaonekane pande zote mbili. Kimondo cha Mbozi nacho kinahitaji mtu asimame kando yake, la sivyo tani zake nyingi za chuma zinaonekana kama jiwe la kawaida la shambani.

"Bila studio na kamera ya bei mbaya haiwezekani."

Simu inatosha. Adui ni mwangwi wa vyumba vyenye kuta tupu, kama ilivyo kwenye maboma ya Wajerumani, pamoja na upepo wa nje. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, ikivishwa kifuniko cha sponji, inapunguza yote mawili.

"Nimelipa kiingilio, narekodi nitakavyo."

Kiingilio ni cha kutazama. Kurekodi kwa ajili ya kusambaza kunaombewa ruhusa yake, na kwa mabaki ya binadamu jambo ni zito zaidi, maana ukoo wa Mkwawa upo. Binafsi nisingeweka fuvu kuwa picha ya jalada hata kama lingevuta watazamaji elfu. Mzee anayesimulia naye aelezwe kabla hujawasha simu kwamba sauti yake itafika wapi, na akipenda Kihehe aachwe aseme Kihehe. Kiswahili kitakaa kwenye maandishi chini ya video.

"Vijijini bando halitoshi."

Kwa video ndefu, kweli. Sauti ya maneno matupu kwa kilobiti 64 kwa sekunde, hata hivyo, inakula takriban megabaiti 14 kwa nusu saa, na mtu akishaipakua mjini anaisikiliza shambani bila mtandao.

"Ikishapanda YouTube imehifadhiwa."

YouTube huibana upya kila video inayopokea, ubora ukapungua, na akaunti inaweza kufungwa. Rekodi halisi ibaki makumbusho kwenye diski mbili zinazotunzwa sehemu tofauti, ikiwa na jina la msimulizi, tarehe na namba ya kitu kilichozungumziwa.